Hell's Gate kwa Baisikeli na kwa Miguu: Mwongozo wa Mgeni wa Siku Moja

Katika mbuga nyingi za wanyama nchini Kenya, mgeni hutakiwa kubaki ndani ya gari tangu anapoingia langoni hadi anapotoka, na kushuka huruhusiwa mahali pachache tu palipotengwa. Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, iliyoko kusini mwa Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, ni miongoni mwa mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baisikeli na kutembea kwa miguu kati ya punda milia, twiga na nyati bila kusindikizwa na askari. Ruhusa hiyo ndiyo inayowavuta watu, na ndiyo hiyo hiyo inayozipa kanuni za mbuga hii uzito kuliko zinavyoonekana kwenye ubao wa langoni, kwa kuwa humo huna mlango wa gari wa kufunga mambo yanapoharibika.

Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi, na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, ambalo kila mtu hulijua kwa herufi zake tatu, KWS. Maelezo yafuatayo yanamlenga mtu anayejipangia safari mwenyewe, anayefika asubuhi na kuondoka jioni, awe peke yake au na familia yake.

Hatua ya kwanza: Chagua siku kwa kuitazama mvua

Watu wengi huchagua siku kwa kuangalia kalenda ya kazi na shule, jambo ambalo halina ubaya, lakini katika mbuga hii swali la kwanza linapaswa kuwa la mvua. Sehemu inayotembelewa zaidi, Korongo la Ol Njorowa, ni mkondo wa maji uliochimbwa na mafuriko ya kale, zamani ziwa lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo lilipokuwa likitoa maji yake kuelekea kusini. Mkondo huo haujaacha kazi yake. Mvua kubwa inyeshapo, maji hurudi humo kwa kasi. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi, ingawa mafuriko yaliyoua watu saba mwaka 2019 yalitokea tarehe 1 Septemba, nje kabisa ya misimu hiyo. Kwa hiyo angalia utabiri wa siku yenyewe na wa siku moja kabla yake, kisha uwe na mpango wa pili: ukikuta korongo limefungwa, bado barabara, majabali na wanyama vinatosha kukujazia siku.

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Jitahidi uwe langoni kabla ya saa mbili asubuhi. Wanyama huwa karibu na barabara wakati huo, vumbi halijatimka, na jua, ambalo katika mwinuko wa karibu mita 1,900 huunguza hata kama hewa ni ya baridi, bado halijapata nguvu. Anayeanza saa tano hujikuta akirudi na baisikeli alasiri kwa kiu na haraka, na haraka ndiyo inayowafanya watu wapite karibu mno na nyati.

Hatua ya pili: Maliza malipo kabla ya kufika

KWS haipokei pesa taslimu malangoni. Malipo hufanywa kupitia jukwaa la serikali la eCitizen, kwa M-Pesa au kwa kadi ya benki, na ni heri uyamalize nyumbani, kwa sababu mtandao unaosuasua langoni, huku foleni ya basi la wanafunzi ikiwa nyuma yako, ni mwanzo mbaya wa siku. Viwango hutofautiana kulingana na uraia, ukaazi na umri, na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma vile vilivyo kwenye jukwaa lenyewe siku unapolipa, wala usitegemee vya mwaka jana ulivyoambiwa na rafiki.

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti ya kila mtu mzima mliyeandamana naye. Anayelipa kiwango cha raia atatakiwa kuthibitisha uraia wake, na askari wa langoni hana mamlaka ya kumwamini mtu kwa lafudhi yake. Baisikeli nayo hulipiwa ada ya kuingia, mbali na kodi ya kuikodisha. Gari hali kadhalika.

Hatua ya tatu: Pakia mzigo usio na plastiki ya kutupa

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki zote za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine ya hifadhi. Marufuku hii ya pili ndiyo inayowashtua wageni, kwa sababu inagusa vitu ambavyo watu hawavioni kuwa ni plastiki za kutupa: chupa ya maji ya dukani, mrija wa soda, kijiko na sahani nyepesi za mandari, vikombe vya sherehe. Ukikutwa navyo langoni utaviacha, pamoja na maji yaliyomo.

Maji basi yaje katika chupa ya chuma au ya plastiki ngumu inayotumika mara nyingi, na yawe mengi. Usihesabu kupata maji ya kunywa njiani. Lita mbili kwa mtu mzima ni kiwango cha chini kwa anayeendesha baisikeli, na atakayeingia korongoni aongeze. Chakula kiwekwe kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, si kwenye karatasi wala mfuko, kwa sababu ambayo nyani watakueleza wenyewe ukifika kwenye viti vya mapumziko. Viatu viwe vya kufungwa vyenye soli yenye meno; kandambili na viatu vyenye soli laini havifai korongoni, ambako mwamba ni mlaini na huteleza ukilowa. Beba pia kofia, kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza, na mfuko wa kitambaa wa kurudishia taka zako, maana kila ulichoingia nacho unatakiwa kutoka nacho, maganda ya ndizi yakiwemo.

Hatua ya nne: Kagua baisikeli kabla ya kulipa kodi yake

Ukitoka mjini Naivasha kwa matatu zinazopita Barabara ya Moi South Lake, utashuka kwenye njia panda ya kuelekea Lango la Elsa, lililopewa jina la simba jike aliyelelewa na mwandishi na mhifadhi Joy Adamson, ambaye nyumba yake ingali kando ya ziwa hapo karibu. Kutoka njia panda hadi langoni ni kilomita mbili hivi, na hapo ndipo vijana wanaokodisha baisikeli wanapokusubiri. Wana maneno matamu na wengi wao ni watu waungwana, lakini baisikeli hizo hufanya kazi ngumu katika mchanga na kokoto kila siku, na hali zake hazilingani.

Usiangalie rangi. Shika breki zote mbili, moja baada ya nyingine, huku ukiisukuma baisikeli mbele: gurudumu linapaswa kukwama kabisa. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, na upitie gia tatu au nne. Cheni ikiruka hapo penye kivuli, itaruka zaidi ukiwa na mwinuko mbele na punda milia pembeni. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha tazama kama kuna miiba iliyozama, kwa kuwa miiba ya migunga ndiyo adui mkuu wa tairi katika mbuga hii. Rekebisha kimo cha kiti hadi goti lako likaribie kunyooka pedali inapofika chini. Mwisho, uliza kuhusu pampu na viraka: kama mwenye baisikeli hakupi vifaa vya pancha, mkubaliane mapema ni nani atakayekuja kukusaidia na atapatikana kwa nambari gani. Mkubaliane vilevile bei na saa ya kurudisha, na upige picha ya baisikeli kama ilivyo, ili alama ya zamani isije ikahesabiwa kuwa yako.

Kofia ngumu isiyokukaa sawa kichwani ni mapambo tu. Omba nyingine.

Hatua ya tano: Kaa barabarani, na uwaachie wanyama nafasi

Barabara kuu hutoka Lango la Elsa na kupita kati ya kuta ndefu za majabali mekundu hadi kwenye kituo cha askari kilichoko mwanzo wa korongo, umbali wa kilomita saba au nane. Kwenda ni kwepesi kwa kuwa sehemu kubwa ni tambarare au mteremko mdogo, jambo linalowadanganya wageni wengi, kwa sababu wakati wa kurudi mteremko huo hugeuka kuwa mwinuko. Tunza nguvu. Magari hayaruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa, lakini hata kwa mwendo huo hutimua vumbi la kutosha kumpofusha mwendesha baisikeli, kwa hiyo unaposikia gari sogea ukingoni, simama, na uliache lipite.

Kanuni ya kutotoka barabarani inawahusu waendao kwa miguu na kwa baisikeli sawasawa na wenye magari. Nyasi na vichaka vya leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu inayofanana na kafuri, huficha mashimo ya ngiri na wakati mwingine nyati aliyelala. Simba si wakazi wa kawaida wa mbuga hii na chui huonekana kwa nadra, ndiyo maana kutembea kunaruhusiwa. Mnyama wa kuhofiwa kwa kweli ni nyati, hasa dume aliyejitenga na kundi.

Ukimwona nyati mbele, simama ungali mbali. Ishara yake ya kwanza ni kuinua kichwa na kukuelekezea pua; akiendelea kukutazama bila kurudi kwenye malisho, umekwisha kumkaribia kupita kiasi. Rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, bila kupiga kelele wala kengele, usubiri avuke barabara au ungoje gari la kukukinga upande wake. Usipite kati ya nyati na kichaka anachoelekea, wala kati ya jike na ndama. Twiga na punda milia ni wapole zaidi, lakini mateke yao si ya mzaha, na sababu ya kutowakaribia si usalama wako pekee: mnyama anayekimbizwa mara kumi kwa siku ili mtu apate picha hupoteza malisho na nguvu.

Usimlishe mnyama yeyote. Nyani aliyezoea kupewa mkate hatofautishi baina ya anayempa na asiyempa, na atakayepokonywa mkoba kesho ni mtoto wa mtu mwingine. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi kuingia, hata mbwa aliyefungwa mnyororo. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege pamoja na cha KWS, na kusema hukujua hakutakurudishia kifaa chako.

Njia nyingine, inayoitwa Buffalo Circuit, hupanda vilima na kuzunguka mbali na barabara kuu. Mandhari yake ni mazuri, lakini ina upweke, miinuko mikali na, kama jina linavyodokeza, nyati. Nisingempeleka mtoto huko kwa baisikeli.

Hatua ya sita: Kwenye majabali, panda palipo na ruhusa

Muda mfupi baada ya lango utauona Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba yenye kimo cha mita 25 hivi, iliyopewa jina la Gustav Fischer, mvumbuzi Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Ni uji wa volkano ulioganda ndani ya tundu lake, kisha udongo laini ulioizunguka ukamomonyoka. Pimbi hukaa miguuni pake na hawana aibu.

Mnara huu hupandwa kwa kamba pamoja na waelekezi wanaopatikana hapo hapo. Kabla ya kujifunga, tazama kamba na mishipi kwa macho yako mwenyewe, na ukiona nyuzi zilizochanika au kufuli ya chuma isiyojifunga sawasawa, kataa bila kuona haya. Kuta ndefu za pembeni ni jambo tofauti. Huko ndiko tumbusi hujenga viota, na kinyesi cheupe kinachotiririka kwenye mwamba ndicho kitakachokuonyesha mahali penyewe. Ndege anayeshtuliwa kiotani huacha yai au kinda juani, na kwa tumbusi, ambao hutaga yai moja tu kwa msimu, hasara hiyo hairudishwi mwaka huo. Usipande wala kurusha mawe sehemu hizo.

Hatua ya saba: Korongoni, mwamuzi ni askari

Korongo la Ol Njorowa ni jembamba, kuta zake zimelainishwa na maji hadi zikapinda kama kitambaa, na chini yake kuna mchanga, mawe na vijito vya maji moto yanayotoka ubavuni mwa mwamba. Ni mahali pa kuvutia kuliko pote mbugani. Ni mahali pia ambapo watu saba, wengi wao vijana waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa, walikufa kwa mafuriko mwezi wa Aprili 2012, na saba wengine mwaka 2019, baada ya hapo KWS ikalifunga kwa wageni. Hali ya kufunguliwa kwake, na sehemu zinazofunguliwa, hutegemea uamuzi wa wasimamizi na hali ya hewa ya siku hiyo, kwa hiyo uliza mara mbili: langoni unapoingia, na tena kwenye kituo cha askari kabla ya kushuka. Ukiambiwa limefungwa, limefungwa. Mwelekezi atakayekunong'oneza kwamba anaijua njia ya pembeni hana ubaya na wewe, lakini hana pia mamlaka juu ya maji.

Hatari ya korongo hili haionekani kwa anayetazama juu na kuona anga la buluu. Mvua inaweza kunyesha kwenye miinuko iliyo mbali, maji yakakusanyika kwenye mikondo mingi midogo, yote yakaelekea kwenye mfereji huu mmoja wenye upana ambao mahali pengine mtu anaweza kugusa kuta zote mbili kwa mikono. Yakifika penye wembamba huo hayana pa kwenda ila juu. Unapotembea, tazama nyufa za ukutani: vijiti na nyasi kavu vilivyokwama juu ya kichwa cha mtu mzima havikupandishwa na mtu, viliachwa na maji.

Likiwa wazi, ingia na mwelekezi anayetambuliwa na askari, kisha ufuate utaratibu huu. Kabla ya kushuka, mweleze askari idadi yenu na saa mnayotarajia kutoka. Mwambie mwelekezi akuonyeshe, kwa kidole na si kwa maneno, kila mahali pa dharura pa kupandia, na umtake arudie kadiri mnavyosonga. Mtu anapaswa kujua wakati wowote kama njia ya kutokea iliyo karibu iko mbele yake au nyuma yake. Kundi likiwa kubwa, mtu mzima mmoja awe wa mwisho na asiachwe nyuma. Watoto wadogo na watu wasioweza kupanda kwa mikono na miguu wabaki juu, ambako mandhari ya korongo huonekana vizuri.

Mkiwa chini, sikilizeni. Mngurumo usio wa upepo, maji ya kijito yanayogeuka rangi ghafla kuwa ya tope, au vijiti na mapovu vinavyoanza kupita penye maji yaliyokuwa meupe, kila moja ya dalili hizo peke yake inatosha kuwafanya mpande. Pandeni juu, wala msikimbie kufuata korongo kuelekea chini, kwa sababu hamtayashinda maji mbio. Acheni mikoba. Radi ikisikika mbali, safari ya korongoni imekwisha hata kama ndiyo kwanza mmefika.

Maji moto nayo yana adabu yake. Mengine ni ya vuguvugu, mengine huunguza ngozi, na kwa macho hayatofautiani. Usiingize mkono kabla ya mwelekezi kukuambia ni yapi. Usichonge jina lako ukutani. Mwamba ni mlaini kiasi kwamba ufunguo unatosha kuuchora, na majina yaliyokwisha kuandikwa hapo yanachukiza kutosha.

Hatua ya nane: Karibu na mitambo ya Olkaria

Kusini na magharibi mwa mbuga utakutana na mabomba makubwa, mawingu ya mvuke na harufu ya mayai viza. Huo ni mradi wa umeme wa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1981, kabla mbuga yenyewe kutangazwa. Magari mazito hupita barabara hizo, kwa hiyo mwendesha baisikeli awe macho zaidi. Usiguse bomba, usipande juu yake, na usivuke uzio wa visima. Mvuke uliomo ndani una joto la kuua.

Mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yaitwayo obsidiani, hupatikana maeneo kadhaa ya mbuga, na watoto huyapenda. Yaangalieni, yapigeni picha, yaacheni. Kanuni hiyo inahusu pia manyoya, mifupa, pembe na mimea, na kwa mabaki ya wanyama si suala la adabu tu, kwani Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inayahesabu kuwa nyara za wanyamapori na kumwadhibu anayekutwa nayo bila kibali.

Hatua ya tisa: Kutoka

Anza kurudi saa tisa alasiri, au mapema zaidi kama una watoto. Ukipata pancha mbali na lango, isukume baisikeli barabarani, usikate njia ya mkato nyikani, na umsimamishe dereva wa kwanza apeleke taarifa kwa askari. Ukiona mnyama aliyejeruhiwa, mtego wa waya, moto au mtu aliye taabani, kumbuka alama ya njia iliyo karibu na saa, kisha uripoti langoni. Usijaribu kumfungua mnyama mwenyewe.

Ukitaka kulala, kambi zipo, zikiwemo Naiburta na Ol Dubai, na hulipiwa mbali na kiingilio. Huduma ni chache, kwa hiyo njoo na maji yako, washa moto mahali palipotengwa tu, usikate kuni, na ufungie chakula usiku.

Langoni, jiandikishe kuwa umetoka kama ulijiandikisha kuingia, ili askari wasianze kumtafuta mtu aliyekwisha kupanda matatu. Kisha rudisha baisikeli, ikaguliwe mbele yako, na umwambie mwenye baisikeli ukweli kuhusu breki zilizolegea, kwa kuwa kesho atamkodishia mwingine.